Hakuna Treni Saa Hii

Aliyenifundisha kusubiri alikuwa mtu asiyeweza kusubiri hata chai ipoe. Aliimimina kwenye kisahani, akaipuliza, akaonja, akaungua, akasema, "Chai gani hii," kisha akarudia vilevile. Pale Makongeni tulimwita Karani, kwa sababu alikuwa karani wa mizigo kwenye reli mpaka alipostaafu. Miaka mingi baada ya kustaafu bado alivaa shati jeupe lenye kalamu mfukoni, kama mtu anayeweza kuitwa ofisini wakati wowote.

Mashati yale niliyafua na kuyapiga pasi mimi. Hiyo ndiyo kazi yangu. Kwa hiyo ninajua mambo yake ambayo wengine hawakuyajua. Ninajua kwamba mfuko wa kushoto ulikuwa na doa la wino lisilotoka kwa sabuni yoyote. Ninajua pia kwamba suruali zake zilichakaa mahali pamoja tu, kwenye goti la kulia. Goti la kushoto lilibaki jipya. La kulia nililitia kiraka, na kiraka kikatoboka.

Alipokaa tu, goti hilo lilianza kuruka. Halikuruka kwa hasira wala kwa baridi. Liliruka kama cherehani ambayo mtu ameisahau mguuni. Kanisani alikaa mwisho wa benchi, na wale waliokaa naye walitikisika mpaka sala ya mwisho. Mkewe, Mama Ndunge, alisema, "Huyu hata akilala, goti linakesha." Njoro, fundi wa viatu aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, aliliita treni. "Karani amefika," alikuwa akisema bila kuinua macho kwenye kiatu. "Nasikia treni."

Saa yake ilikuwa mbele kwa dakika kumi, na alijua hivyo, na bado aliharakishwa nayo. Alijua kwa kichwa saa za treni zilizokwisha kufutwa zamani. Ukimsalimia asubuhi angeweza kukujibu, "Ile ya mizigo ingekuwa inapita sasa hivi," halafu akaenda kwenye bomba, akalifungua, akalifunga, akarudi. Hakuwa na ndoo.

Mtu huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wa poka.

Tulicheza Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani, kwenye uwanja mdogo kati ya nyumba, chini ya kamba za nguo. Meza ilikuwa yangu ya kupigia pasi, ile nyembamba, na blanketi lake juu. Tulikuwa wachezaji wanne: Karani, Njoro, Baba Akinyi aliyeendesha basi la wafanyakazi, na mimi. Wa tano alikuwa Swaleh, muuza mitumba kutoka Majengo. Swaleh hakucheza, kwa sababu kamari ni haramu. Aligawa karata. "Mimi nagawa tu," alisema kila Jumapili akikunja mikono ya kanzu. "Dhambi ni zenu, mikono ni yangu."

Niliingia kwenye mchezo siku moja nilipompelekea Karani mashati. Mtu wao wa nne alikuwa amehama, na Karani hakuweza kungoja Jumapili nyingine apatikane mwingine.

"Kaa hapo, mama," akaniambia. Aliwaita wasichana wote mama.

"Sijui kucheza."

"Unajua kunyamaza?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi nusu unaijua tayari."

Mimi ni mtu wa aibu. Nikiwa na watu, maneno hukaa kooni kama tonge kavu. Nilisoma mpaka darasa la nane, na sidhani mwalimu yeyote alikumbuka sauti yangu. Lakini kwenye meza ile hakuna aliyetaka niongee. Unapewa karata mbili ambazo wewe tu unaziona. Halafu Swaleh anafunua tatu katikati, za wote, kisha moja, kisha ya mwisho. Kila hatua unaweza kulipa uendelee, au kuongeza uwatishe wengine, au kutupa karata zako na kunyamaza. Tulilipa kwa vifuniko vya soda, na mwisho wa siku kila kifuniko kiligeuzwa kuwa shilingi chache. Kwa mara ya kwanza nilikaa na watu saa tatu nzima na hakuna aliyeniuliza, "Mbona wewe kimya?"

Karani alikuwa na somo moja kubwa, nalo lilihusu pacha wadogo. Pacha ni karata mbili zinazofanana mkononi mwako. Pacha wakubwa, wafalme wawili kwa mfano, kila mtu anawapenda. Karani hakuwapenda. "Wafalme wawili ni kama bwana mkubwa wa ofisi," alisema. "Hajui kuondoka. Hata jengo likiwaka moto anataka heshima yake kwanza." Yeye alipenda mbili wawili, watatu wawili, wanne, watano. Wale ambao peke yao hawamtishi mtu.

"Pacha mdogo hapigani," alinifundisha. "Pacha mdogo anangoja ndugu yake." Maana yake ni kwamba ukiwa na wanne wawili mkononi, unalipa kidogo ili uone zile tatu za mezani. Akitokea nne wa tatu, umeficha jeshi na hakuna anayejua. Asipotokea, unatupa. Hukai kwa huruma. Hukai kwa sababu umeshalipa. "Ndugu hajaja, amka uende."

Baba Akinyi ndiye aliyempa huyo ndugu jina. Kwao, mtoto anayezaliwa baada ya pacha huitwa Okelo. Basi na sisi tukamwita Okelo, hata Karani ambaye ni Mkamba. "Okelo wangu amekataa kuzaliwa," alisema akitupa karata. Mama Ndunge akimsikia kutoka dirishani alijibu, "Mzee mzima, bado unangoja watoto!"

Ili nielewe ni mara ngapi Okelo huja, Karani aliweka punje saba za mahindi na harage moja kwenye kikombe, akaniambia nichomoe bila kutazama, nirudishe, nichomoe tena. Nilichomoa mpaka vidole vikanuka kikombe. Yeye hakuweza kukaa kunitazama. Alizunguka uwanja mara mbili, akapanga upya vibanio vya nguo kwenye kamba, akarudi.

"Harage mara ngapi?"

"Chache."

"Mara moja kwa nane, hivi. Sasa sikiliza. Kama utakosa mara saba, ile ya nane lazima ilishe zile saba zote. Kwa hiyo usilipe sana kuingia. Na usiingie kwa mtu mwenye vifuniko vitano mbele yake. Hata Okelo akija, atakulipa nini? Tafuta mwenye mlima. Tafuta mwenye wafalme wake, asiyejua kuondoka."

Nilifuata. Kwa kuwa ninajua kungoja na sijui kujigamba, lilinifaa somo lile. Pasi yangu ya umeme, hii ninayotumia mpaka leo, ilitoka kwa watano wawili na Okelo wao, siku ambayo Baba Akinyi alikuwa na wafalme na mlima wa vifuniko. Aliponilipa alinitazama sana akasema, "Nyathina, wewe ni mwizi mpole." Nyathina kwao ni mwanangu.

Lakini mwalimu mwenyewe somo lake halikumlipa. Hili lilimtesa kuliko kitu chochote. Okelo alimjia kama anavyowajia wengine, mara moja kwa nane, hivi. Alipomjia tu, wote tulitupa karata. Karani alibaki na jeshi lake na vifuniko viwili vitatu katikati. "Okelo akizaliwa kwangu," alilalamika, "wageni wote wanakumbuka safari." Alibadilisha kiti. Alibadilisha karata, akanunua mpya mjini. Alijaribu kucheza amesimama, akachoka, akakaa. Alifikiri kwamba sisi ni waoga, na kwamba tuna vifuniko vichache mno. Hakuwahi kufikiria goti lake.

Kwa sababu ilikuwa hivi: goti lile liliruka mchana kutwa, akishinda au akishindwa, akiwa na karata mbovu au nzuri. Lilitulia kwa jambo moja tu. Okelo alipofunuliwa mezani, goti la Karani lilisimama. Kimya. Meza yangu ni nyembamba, na miguu ya Karani ilikuwa mirefu, kwa hiyo goti lilitokeza pembeni na kila mtu aliliona.

Niliijua siri hiyo Jumapili yangu ya pili. Hakuna aliyeniambia. Niliona goti limekufa, nikaona Njoro anatupa karata zake haraka, kisha Baba Akinyi, na mimi nikatupa. Tangu hapo nilikuwa mmoja wao.

Siku moja goti liliposimama, Swaleh, ambaye hakuwa na la kupoteza, alisema taratibu huku akipanga karata, "Treni imefika stesheni."

Njoro aliinama kama anayefunga kamba za viatu. Baba Akinyi alikohoa. Karani aliinua kichwa, akageuka upande wa reli, akasikiliza. Halafu akatazama saa yake, akatoa zile dakika kumi kwa hesabu ya kichwani.

"Hakuna treni saa hii," alisema.

Tulicheka mpaka meza ikayumba. Hata yeye alicheka kidogo, kwa sababu ni mtu wa watu na hakupenda kuachwa nje ya kicheko. Na mimi nilicheka, nikiwa nimeficha mdomo kwenye kola ya shati lake mwenyewe nililokuwa nimelikunja mapajani. Kicheko kile bado kinanirudia nikiwa kazini.

Mtu angeuliza mbona hatukumwambia. Njoro angejibu kwamba mchezo ni mchezo. Baba Akinyi angesema mtu mzima haambiwi habari za mwili wake na walio wadogo. Mimi nilikuwa na sababu zote mbili, na ya tatu, kwamba sikujua sentensi hiyo inaanza na neno gani.

Kisha tukaambiwa tuhame, nyumba zile zivunjwe zijengwe nyingine. Kila familia ilipewa pesa za kuhamia. Karani alikuwa na kiwanja Njiru, na juu yake nyumba ya vyumba vitatu ambayo kuta zilikuwa zimefika kwenye lenta, juu ya madirisha, na kusimama hapo miaka. Mvua iliingia, majani yakaota sebuleni. Zile pesa zilikuwa za mabati. Mama Ndunge alishayahesabu mabati, hata misumari. Alinionyesha rangi aliyoitaka, ya maruni, kwenye kipande cha gazeti.

Jumapili iliyofuata Karani alikuja mezani amenyoa, goti linaenda mbio kuliko kawaida.

"Nimefikiri," alisema kabla hajakaa. "Somo langu halina kosa. Kosa ni meza. Hapa hakuna mlima. Mjini kuna meza, nimeenda kuiona. Watu wana milima mbele yao, na wafalme wao, na hawaondoki. Pale Okelo atalipwa."

"Karani," Baba Akinyi alisema, "meza ya mjini unaingia na nini?"

"Na nilicho nacho."

"Na mabati?"

"Nitarudi na mabati na dari."

Njoro alicheka. "Buda, dari pia!" Hakuna mwingine aliyecheka. Dirishani kwa Mama Ndunge pazia lilitikisika, halafu likatulia.

Wiki ile nilipiga pasi nikachoma kola mbili, jambo ambalo sijawahi kufanya. Nilikuwa nikiwaza wale watu wa mjini. Mimi mgeni wa mchezo nililisoma goti Jumapili ya pili tu. Wao wangelisoma kabla chai haijaletwa. Wangetupa karata kila linaposimama, na kumkamua kila linaporuka, na nyumba ya Njiru ingebaki na majani sebuleni. Mara tatu nilienda mlangoni kwake. Mara ya kwanza niliuliza kama ana nguo chafu. Mara ya pili niliuliza vilevile. Mara ya tatu Mama Ndunge alinitazama akasema, "Mwanangu, una nini?" Nikasema sina kitu.

Jumapili ya mwisho pale Makongeni nusu ya vitu vyetu vilikuwa kwenye magunia. Kamba za nguo zilikuwa zimefunguliwa. Meza yangu ilikuwa bado imesimama, na chini yake kikapu cha nguo za Karani, zimeshapigwa pasi.

Swaleh aligawa. Nilipata wanne wawili. Nililipa kidogo, kama nilivyofundishwa. Karani alilipa. Wote walilipa. Swaleh akafunua tatu za katikati: mfalme, tisa, nne.

Okelo wangu. Nilikuwa na mlima mbele yangu siku hiyo, na Karani alikuwa na mlima mbele yake. Yote aliyonifundisha yalisema sasa.

Halafu nikasikia kimya. Goti lilikuwa limesimama.

Karani akasukuma vifuniko vingi katikati. Njoro akatupa. Baba Akinyi akatupa. Ikabaki mimi. Nikazigeuza karata zangu juu, wanne wawili, waonekane na kila mtu, nikamsukumia Swaleh.

"Wee!" Njoro akaruka. "Umerogwa? Unatupa Okelo?"

Karani aliinamia meza. Alizitazama karata zangu. Akafunua zake: tisa wawili, na ndugu yao mezani. Alikuwa amenizidi, tisa watatu kwa wanne wangu watatu.

"Hakuna mtu duniani anayetupa hiyo," alisema polepole. "Umejuaje?"

Nikainama chini ya meza, nikatoa suruali yake kwenye kikapu, ile ya kijivu, nikaitandika juu ya vifuniko na karata. Kiraka kilikuwa juu. Nikaweka kidole hapo.

"Likisimama," nikasema.

Hiyo ndiyo hotuba yangu. Neno moja.

Alitazama kiraka. Akatazama goti lake mwenyewe, ambalo bado lilikuwa limetulia, kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi mkononi. Akaliwekea kiganja.

"Tangu lini?"

"Tangu nije."

"Na hawa?"

Baba Akinyi alianza kupanga vifuniko ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Njoro akatazama viatu vyetu. Swaleh ndiye aliyejibu, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Mzee, nisamehe. Ndiyo ile stesheni."

Ilimchukua muda. Nilimwona akirudi nyuma Jumapili moja moja mpaka akafika.

"Na mimi nikatazama saa," alisema.

"Ulitazama," Swaleh akasema.

Karani alisimama. Alienda kwenye bomba, akalifungua. Maji yalikuwa yameshakatwa. Akalifunga. Akaingia ndani, na mlango ukafungwa. Suruali ikabaki kwangu. Siku ya lori nilikuwa kwenye kazi mtaa mwingine, na niliporudi walikuwa wameondoka.

Nilihamia Majengo, kwa shangazi. Suruali ya kijivu niliitundika msumarini. Miezi ikapita. Sikujua kama alikwenda mjini. Kila nilipowasha pasi niliiona imening'inia, na siku moja nikaikunja, nikauliza njia ya Njiru.

Kutoka barabara ya Kangundo mpaka kwake ni mwendo kidogo wa vumbi. Nilitembea nimeinamisha kichwa. Sikutaka kuinua macho mapema. Nilipoinua niliona rangi ya maruni.

Mama Ndunge alikuwa nje akichambua mboga. "Alienda mjini na pesa," aliniambia kabla sijauliza, "akarudi na mabati. Mimi sikuuliza, na wewe usiulize."

Karani alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta, na majirani wawili wapya. Walikuwa wakicheza. Vifuniko vilevile. Mezani alikuwa ametandika kitambaa kikubwa kilichofika mpaka chini, kikafunika miguu ya kila mtu. Aliniona, akaona suruali mkononi mwangu, akavuta kiti.

"Kaa, mama. Huyu ni dobi wangu," aliwaambia. "Haongei."

Tukagawiwa. Jirani mmoja, mwashi mnene mwenye vumbi la saruji kwenye nyusi, alikuwa na mlima mbele yake. Kikombe cha chai cha Karani kilikuwa mezani, kimejaa, na chai yake ilikuwa ikicheza viduara vidogo vidogo visivyoisha. Kitambaa hakikuwa kimeficha kila kitu.

Mwashi akaongeza, kwa tabasamu la mtu mwenye wafalme. Karani akalipa. Karata zangu zilikuwa takataka, nikazitupa, na jirani wa pili akatupa. Zikafunuliwa saba, jeki, mbili.

Chai ikatulia. Ikawa kama kioo. Nikaona ukingo wa mabati ndani yake.

Mwashi alikuwa akitafuta kikombe chake, na mkono wake ulikuwa ukikielekea kile cha Karani. Nikakiwahi. Nikakichukua kwa mikono miwili, nikanywa yote, bila kupuliza, mpaka majani ya chai.

"Msichana!" Mama Ndunge alipiga kelele kutoka kwenye mboga. "Chai ya mzee!"

Mwashi alicheka mpaka vumbi likamdondoka. "Mzee, hata chai yako huwezi kuilinda, vifuniko utavilinda?" Akasukuma mlima wote katikati.

Karani alitazama kikombe kitupu. Akanitazama mimi. Kisha akalipa, na akafunua mbili wawili, akawaweka kando ya ndugu yao.

Mwashi alikaa akizitazama zile tatu ndogo. "Sikuona chochote," alisema. "Hata dalili."

Karani akainua mkono, akatazama saa yake, akatoa dakika kumi.

"Hakuna treni saa hii," alisema.

"Treni gani, mzee?" Mwashi akageuka kutazama barabarani.

Ulimi wangu ulikuwa umeungua, sikuweza kumjibu hata kama ningetaka. Pembeni yangu kitambaa kilianza tena kutikisika.